Homoni na Ngozi ya Mnyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sehemu kubwa ya ukurasa huu inamhusu mbwa, kwa kuwa ndiye anayepatwa zaidi na magonjwa haya. Paka, mbuzi, farasi na simbilisi wako karibu na mwisho. Maswali yamepewa namba ili tusirudie jibu lilelile mara mbili.

## Mambo ya kwanza

1. Homoni zinahusianaje na manyoya?

Kila unywele hupita vipindi vitatu: hukua, husimama, kisha hupumzika mpaka mwingine uje kuusukuma kutoka chini. Homoni ya tezi ya thairoidi, ile iliyoko shingoni, ndiyo inayoliamsha tundu la unywele lianze kukuza upya. Kotisoli (homoni ya tezi za adrenali) na estrojeni (homoni ya kike) zikizidi hufanya kinyume, zinalilaza. Manyoya ya zamani yanadondoka na mapya hayaji.

Ndiyo maana upara wa homoni huanza panaposuguliwa: shingoni chini ya mkanda, nyuma ya mapaja, mkiani. Mara nyingi kichwa na miguu kuanzia magotini kwenda chini hubaki na manyoya yake.

Ngozi yenyewe nayo huguswa. Kotisoli nyingi hula protini za ngozi hadi ikawa nyembamba. Thairoidi ikipungua ngozi huwa nene, baridi na yenye mba.

2. Nitajuaje kwamba ni homoni na si upele?

Homoni huja polepole, kwa miezi, na upara huwa sawasawa pande zote mbili. Mnyama hajikuni. Na karibu kila mara kuna jambo jingine mwilini: anakunywa maji kupita kawaida, ananenepa bila kuongezewa chakula, analala mchana kutwa, au jike haingii joto.

Kuna kipimo kidogo unachoweza kufanya nyumbani. Ng'oa manyoya machache kando ya sehemu yenye upara, uyaweke juu ya karatasi nyeupe na uzitazame ncha zake kwa lenzi ya kukuzia. Ncha ikiwa imechongoka vizuri, unywele ulidondoka wenyewe. Ikiwa imekatika au imechanika, mnyama anajilamba au kujing'ata hata kama hujawahi kumwona, maana wengi hufanya hivyo usiku. Hapo rudi kwenye viroboto na mzio.

3. Wangu anajikuna sana. Bado inaweza kuwa homoni?

Jiulize kilichotangulia. Kama alianza kujikuna ndipo manyoya yakatoka, tafuta viroboto, utitiri au mzio. Kama manyoya yalitoka kwanza na kujikuna kukafuata, huenda homoni zimedhoofisha ngozi na bakteria au hamira za ngozi (aina ya kuvu) zimepata nafasi. Wapo pia wanaowashwa kwa sababu ya madini ya chokaa ndani ya ngozi (swali la 13).

4. Inaambukiza?

Homoni, hapana. Lakini choa na upele wa utitiri vinaambukiza, watu pia, kwa hiyo usiwaruhusu watoto wamkumbatie mpaka hivyo viwili viondolewe kwenye orodha.

## Kabla ya kulaumu homoni

5. Daktari aanze na vipimo gani?

Aanze na vya bei nafuu, ambavyo ndivyo hurukwa. Kukwangua ngozi kwa kisu butu mpaka itoke damu kidogo, sehemu tatu au nne, na kutazama kwa hadubini: utitiri aitwaye demodeksi hukaa ndani ya tundu la unywele, kwangua ya juujuu haimpati. Kisha kugandamiza kioo au utepe wa gundi unaopitisha mwanga juu ya ngozi ili kuona bakteria na hamira. Kuchana manyoya kwa kitana chenye meno ya karibu juu ya karatasi yenye unyevu, ambapo kinyesi cha kiroboto huacha doa jekundu. Na kuotesha choa pale upara ulipo wa duara.

Demodeksi anastahili neno zaidi. Mbwa mtu mzima anayezidiwa ghafla na utitiri huyu, na hakuwahi kuwa naye utotoni, mara nyingi kinga yake imeshushwa na kitu, na kotisoli nyingi ni mojawapo ya vitu hivyo. Kwa hiyo kumpata utitiri hakufuti homoni. Mtibu, kisha uendelee kuuliza.

Maambukizi yatibiwe kabla ya vipimo vya homoni. Mnyama mgonjwa kwa sababu yoyote ile hutoa majibu ya homoni yanayopotosha (swali la 8).

6. Nimeambiwa nimpake oili chafu ya gari. Au mafuta ya nazi?

Oili chafu usipake kabisa. Inaunguza ngozi, ina metali nzito, na mbwa huilamba yote. Mafuta ya nazi hayana ubaya mkubwa, ila hayaoteshi unywele ambao homoni imeulaza.

Kinachosaidia ngozi iliyopata maambukizi ni shampuu ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 2 hadi 4, mara mbili kwa wiki. Povu likae dakika 10 kamili, ukitazama saa, ndipo usuuze. Wengi husuuza baada ya dakika moja, kisha husema shampuu haifanyi kazi.

## Tezi ya thairoidi

7. Thairoidi ikipungua, mbwa huonekanaje?

Huwa ni mbwa wa umri wa kati, mara nyingi kati ya miaka 4 na 10. Golden Retriever na Doberman wako kwenye hatari zaidi, ingawa hata mbwa koko hupata. Anakuwa mzito wa mwili na wa akili, anatafuta jua asubuhi, ananenepa. Mkia unabaki mtupu kama wa panya. Ngozi inakuwa nyeusi na nene kwenye makwapa na kinena. Kwa baadhi yao ngozi ya uso huvimba na kope kulegea hadi mbwa akaonekana mwenye huzuni.

Kisababishi cha kawaida ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, au tezi kusinyaa tu. Ndiyo maana dawa ni ya maisha.

8. T4, yaani homoni ya thairoidi kwenye damu, imetoka chini. Nianze dawa?

Si kwa kipimo hicho peke yake. Hapa ndipo mbwa wengi hupewa ugonjwa wasiokuwa nao. T4 hushuka kwa ugonjwa wowote mzito, na hushushwa na dawa: prednisoloni (steroidi), fenobabito (ya kifafa), na antibayotiki za jamii ya salfa. Mbwa aliyekuwa kwenye salfa kwa wiki kadhaa anaweza kuonekana kwenye karatasi kama hana thairoidi kabisa, na akaachishwa dawa akarudi sawa.

Jibu lenye nguvu ni T4 ya chini pamoja na TSH (homoni inayoichochea thairoidi) ya juu, kwa mbwa mwenye dalili za swali la 7. TSH ikiwa ya kawaida haifuti ugonjwa, kwani sehemu isiyo ndogo ya wagonjwa wa kweli huwa nayo ya kawaida. Hapo huongezwa kipimo cha T4 huru, ile isiyoshikamana na protini za damu. Kwa upande wa pili, T4 iliyo katikati ya kiwango cha kawaida inatosha kuifuta thairoidi kwa mbwa wengi.

9. Dozi ni kiasi gani, na vidonge vya binadamu vinafaa?

Levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi ya vidonge, huanzwa kwa mikrogramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12, bila kuvuka mikrogramu 800 kwa mara moja. Mbwa wa kilo 20 anahitaji mikrogramu 400 asubuhi na 400 jioni, yaani vidonge vinne vya 100 kila mara. Mfamasia anaweza kushtuka, maana kwa binadamu hiyo ni dozi kubwa mno. Mwili wa mbwa huifyonza dawa hii vibaya na kuitoa haraka. Vidonge vya binadamu vinatumika kama vya mbwa havipatikani, lakini kwa cheti cha daktari, na usibadilishe aina kila mwezi.

Chakula hupunguza ufyonzwaji. Chagua moja, pamoja na chakula au kabla yake, na ushikilie hapo. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa tezi za adrenali huanzishwa kwa dozi ndogo.

Baada ya wiki 4 hadi 8 damu ipimwe tena, saa 4 hadi 6 baada ya kidonge. Ikipimwa asubuhi kabla ya dawa, jibu litakuwa la chini na dozi itaongezwa bila sababu. Dozi iliyozidi hujionyesha kwa kuhema, kutotulia, kukonda na kunywa maji mengi.

10. Ameanza dawa na manyoya yanazidi kutoka!

Mara nyingi ni dalili njema. Matundu yaliyolala yameamka na yanasukuma nje manyoya ya zamani. Uchangamfu hurudi ndani ya wiki moja au mbili, manyoya huchukua miezi kadhaa. Usipoona tofauti yoyote baada ya miezi mitatu ya dozi iliyothibitishwa kwa damu, utambuzi wenyewe ndio wa kutiliwa shaka.

## Kotisoli na sindano za kuondoa muwasho

11. Kila akiwashwa huchomwa sindano na kupona. Sasa tumbo limekuwa kubwa na mgongo una upara. Kwa nini?

Sindano hiyo karibu hakika ni steroidi, nayo hufanya kazi ya kotisoli. Muwasho hukatika siku hiyohiyo, kwa hiyo inapendwa, na huuzwa hata kwenye maduka ya dawa za mifugo bila mnyama kuonwa. Deksamethasoni ya kawaida hudumu siku mbili hivi. Zile za kukaa muda mrefu, kama methilprednisoloni asetati, hudumu wiki nyingi, na ikishaingia mwilini hakuna namna ya kuitoa. Ukichoma nyingine kabla ya ile ya kwanza kwisha, mwili unaishi ndani ya steroidi miezi yote.

Matokeo ni ugonjwa wa Cushing, yaani wa kotisoli kuzidi, uliotengenezwa kwa mkono. Tumbo hulegea na kuning'inia kwa sababu misuli yake imedhoofika na ini limevimba. Ngozi ya tumbo huwa nyembamba kama karatasi: ukiikunja kwa vidole viwili mkunjo haurudi upesi, na mishipa ya damu unaisoma kwa macho. Kuna vichunusi vyeusi kuzunguka chuchu, michubuko panapotolewa damu, vidonda visivyofunga. Na anakunywa sana.

Matone ya masikio, ya macho na krimu zenye steroidi huleta jambo hilohilo zikitumika muda mrefu, hasa kwa mbwa mdogo. Zipo krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli. Mbwa anayelamba mikono ya anayezipaka anaila steroidi hiyo kila siku.

Mwulize aliyechoma jina la dawa na tarehe zote, uziandike. Daktari atakayefuata atahitaji karatasi hiyo kuliko kipimo chochote.

12. Basi niache vidonge vya prednisoloni leo?

Usiache ghafla. Steroidi ya nje ikiwa nyingi, tezi za adrenali zilizo karibu na figo huacha kazi na kusinyaa. Ukiikata siku moja, mbwa anabaki bila kotisoli yoyote: anatetemeka, anatapika, anaharisha, anaanguka. Hiyo ni dharura, apelekwe saa hiyohiyo.

Dozi hushushwa kwa hatua, kwa wiki kadhaa, kisha hutolewa siku moja na kuachwa siku moja, ndipo ikomeshwe. Ratiba aiandike daktari, kwani hutegemea muda aliokuwa kwenye dawa. Manyoya hurudi baada ya miezi, na kile kilichokuwa kikimwasha mwanzoni kitarudi pia. Jiandae kukitafuta, mara nyingi ni viroboto.

13. Ngozi ya shingo imekuwa ngumu, ina vitu kama changarawe. Ni nini?

Ni chokaa iliyojijenga ndani ya ngozi, na ni alama ya kotisoli nyingi isiyofanana na kitu kingine. Hutokea shingoni kwa nyuma, mgongoni, makwapani na kinenani. Huwa nyekundu, hupasuka na kuwasha. Usikwangue wala usikamue. Huyeyuka yenyewe polepole kotisoli ikishashuka, na kabla ya kupungua inaweza kuonekana mbaya zaidi.

14. Dalili ni hizo, lakini hajawahi kupewa steroidi.

Basi ni Cushing ya mwili wenyewe. Kwa mbwa, wagonjwa 80 hadi 85 katika kila 100 wana uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Waliobaki wana uvimbe kwenye adrenali. Wengi ni wazee.

Kabla ya kwenda kwa daktari, pima maji anayokunywa. Weka kiasi unachokijua asubuhi, ongeza kwa kipimo, na siku ya pili asubuhi toa kilichobaki. Zaidi ya mililita 100 kwa kilo kwa siku ni nyingi mno. Kwa mbwa wa kilo 20 hiyo ni lita 2. Wanyama wengine wasinywe humo.

Kipimo kinachotumika sana ni deksamethasoni ya dozi ndogo. Mbwa huchomwa miligramu 0.01 kwa kilo, damu huchukuliwa kabla, baada ya saa 4 na baada ya saa 8. Mzima hushuka kotisoli na kubaki chini. Mgonjwa hashuki, au hushuka na kupanda tena. Matibabu ni trilostani, dawa ya kushusha kotisoli, daima pamoja na chakula. Siku akikataa kula au akitapika, usimpe kidonge, mpigie daktari, kwani huenda kotisoli imeshuka kupita kiasi (dalili ni zile za swali la 12).

## Homoni za uzazi

15. Dume langu ana korodani moja, sasa ana chuchu kubwa na madume wengine wanampanda.

Korodani iliyobaki tumboni au kinenani huota uvimbe kwa urahisi kuliko iliyoshuka, na aina moja ya uvimbe huo hutoa estrojeni. Upara huanzia kinenani na mapajani, govi hulegea, na chini yake hadi kwenye korodani huchora mstari mwembamba mwekundu.

Upara si hatari yenyewe. Estrojeni hiyo inaweza kuua uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Hesabu kamili ya damu ifanywe kabla ya upasuaji, chembe za kugandisha damu zikiwemo, la sivyo anaweza kuvuja mezani. Damu ikiwa sawa, kuhasiwa korodani zote mbili huwa tiba, isipokuwa uvimbe uwe umesambaa.

Korodani zinapaswa kuwa zimeshuka mtoto wa mbwa akiwa na miezi miwili hivi. Baada ya miezi sita usisubiri tena, wala usimzalishe, kwani tatizo hili hurithiwa.

16. Jike amenyonyoka wiki chache baada ya kuzaa.

Kawaida. Matundu mengi ya manyoya yalipumzika kwa pamoja wakati wa mimba. Mpe chakula cha kutosha, yatarudi.

17. Mbwa mdogo wa nyumbani amevimba uke ingawa amefungwa kizazi.

Huenda kipande cha ovari kilibaki. Lakini uliza kwanza kama kuna mtu nyumbani anayepaka jeli ya estrojeni mikononi au mapajani. Mnyama anayepakatwa na kulamba hapo huipata. Apake mahali panapofunikwa na nguo na anawe mikono kabla ya kumshika.

18. Pomeranian alinyolewa na manyoya hayajarudi.

Mbwa wa manyoya mazito wa jamii hii wana matundu yanayolala muda mrefu. Unyoaji wa karibu unaweza kuchukua mwaka kufutika. Yasiporudi, au upara ukienea na ngozi kuwa nyeusi huku mbwa ni mchangamfu, pima thairoidi na kotisoli. Vikiwa sawa, huitwa alopesia X. Kuhasi huwasaidia baadhi. Melatonini ya miligramu 3 hadi 6 mara mbili kwa siku hujaribiwa kwa miezi miwili au mitatu. Soma kopo kwanza, kwa kuwa zilizotiwa zailitoli (kitu cha kutia utamu badala ya sukari) humuua mbwa. Akibaki na upara, anaishi vizuri. Mkinge na jua la mchana tu.

## Wanyama wengine

19. Paka wangu ana upara tumboni, pande zote sawa. Ni homoni?

Karibu kamwe. Zamani uliitwa upara wa homoni na paka wakapewa homoni bure. Sasa inajulikana kwamba wanajilamba, na sababu kubwa ni viroboto na mzio. Paka hujificha akijilamba. Ncha za manyoya (swali la 2) zitakuambia.

Paka mzee anayekonda huku anakula sana na manyoya yake yamevurugika apimwe thairoidi iliyozidi. Na paka mwenye kisukari kisichotulia ambaye ngozi yake inachanika ukimshika, mshike kwa taulo na umpeleke: Cushing ya paka ni nadra, lakini ngozi huchanika kweli.

20. Mbuzi wanazaa watoto dhaifu wasio na manyoya, wana uvimbe kooni.

Fikiria upungufu wa madini joto. Bila ayodini, thairoidi ya mtoto tumboni haitengenezi homoni, nayo huvimba ikijaribu. Hutokea zaidi nyanda za juu mbali na bahari, ambako mvua imeosha udongo, na huzidishwa na majani ya mihogo, kabichi na sukumawiki zikiwa ndiyo malisho makuu. Wape majike jiwe la chumvi lenye ayodini mimba nzima, likae chini ya paa: mvua na jua huiondoa ayodini. Usizidishe kwa kumimina ayodini ya vidonda kwenye maji, nyingi nayo huharibu tezi.

Kuna uvimbe mwingine usiodhuru. Mtoto mnene, mwenye manyoya yake, anayekimbia na kunyonya vizuri, akivimba kooni mara nyingi ni tezi ya thaimasi. Hupungua yenyewe akikua.

21. Farasi mzee habadilishi manyoya.

Manyoya marefu yaliyojikunja kwa farasi aliyepita miaka 15 ni tatizo la pituitari mpaka lithibitishwe vinginevyo. Hutibiwa kwa pergolidi, mikrogramu 2 kwa kilo kwa siku, maisha yote. Kinacholeta maafa ni kwato kuvimba ndani, kwa hiyo angalia miguu kabla ya manyoya. Kwa punda manyoya marefu si ushahidi, ndivyo alivyo.

22. Simbilisi jike ana upara ubavuni pande zote mbili.

Akiwa amevuka miaka miwili na hajikuni, huenda ni vifuko vya maji kwenye ovari. Upasuaji ndio unaomaliza. Sindano za homoni huwatuliza baadhi kwa muda. Kama ana mimba kubwa, subiri kwanza azae.

## Yasiyo ya kawaida

23. Nina Basenji. T4 yake iko chini kila mwaka lakini ni mzima.

Huenda hana ugonjwa. Mbwa huyu wa asili ya Kongo, pamoja na Greyhound, Saluki na Sloughi, huwa na T4 ya chini kwa kuzaliwa. Usimpe dawa kwa sababu ya karatasi.

24. Urefu wa mchana ukibadilika, mbwa wengine hupata upara mbavuni. Na kwetu?

Upara wa msimu wa mbavuni humpata zaidi Boxer na Bulldog katika nchi ambazo urefu wa mchana hubadilika sana kati ya kiangazi na baridi. Karibu na ikweta mchana ni ule ule mwaka mzima, kwa hiyo hapa tafuta sababu nyingine kwanza.

25. Mbwa anakula makoo ya ng'ombe kutoka buchani. Yana shida?

Yanaweza kuwa nayo. Thairoidi ya ng'ombe imeshikamana na koromeo, na kupika hakuiharibu homoni yake kwa uhakika. Mbwa anayekula hayo kila siku anaweza kukonda, kuhema na kutotulia kama aliyezidishiwa dozi (swali la 9), na T4 yake ikatoka juu. Mwambie mwenye bucha aitoe tezi au akupe nyama ya sehemu nyingine, kisha damu ipimwe tena baada ya wiki kadhaa.